Mshale wa -na-, Herufi za -me-: Kusoma Fani ya Eneokazi la Mbali

Ukiitazama kwa utulivu skrini ya kompyuta inayoendesha kompyuta nyingine iliyo mbali, utaona kwamba vitu vilivyomo haviishi katika njeo moja. Mshale unaoongozwa na kipanya huitika mkono papo hapo. Herufi unazochapa huja baada ya pumzi fupi. Mshale unakwenda, herufi imeandikwa. Kiambishi -na- kinautosha mshale, lakini herufi haikubali ila -me-, kwa sababu kila herufi inayoonekana hapa imekwisha kuandikwa kule, na kinachotufikia ni habari zake tu. Tofauti hii ndogo, ambayo wengi huiita uzito wa mtandao na kuishia hapo, naiona kuwa kiini cha fani nzima ya kufanya kazi kwa kupitia muunganisho wa ofisi. Ndiyo nitakayoifuatilia katika usomaji huu, ingawa kuifikia kunahitaji kupita kwanza katika milango miwili.

Nieleze matini yenyewe. Kompyuta yangu ya kazi ipo juu ya meza ya ofisi moja jijini Dar es Salaam. Mimi, kwa sehemu kubwa ya juma, nipo Tanga, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Ndani ya kompyuta hiyo mna miswada ninayoihariri, na mna programu ya kupangia kurasa ambayo leseni yake imefungwa kwenye mashine hiyo peke yake. Asubuhi nawasha VPN, kisha nafungua programu ya eneokazi la mbali, naingiza nywila, na meza ya Dar inafunguka mbele yangu kama nilivyoiacha jana, hata kishale cha maandishi kikiwa bado katikati ya neno lilelile. Ofisini kwetu kitendo hiki kina jina fupi: kuingia kwa rimoti. Mimi nitashikamana na istilahi eneokazi la mbali, kwa kuwa neno eneokazi limekwisha kutumika katika tafsiri za programu, na kwa VPN nitaikubali, inapobidi, tafsiri ya mtandao pepe wa faragha. Neno pepe lilitujia na barua pepe likibeba hewa na wepesi. Hapa linabeba jambo zito zaidi, yaani kitu kuwa na tabia zake zote bila kuwa na mwili wake. Mtandao wa ofisi unanifikia Tanga pasipo waya wake hata mmoja kutoka Dar.

Fani mbili zimefungamanishwa hapa, na mvuto wa matini unatokana na kwamba zinapingana. VPN ni fani ya kujificha: ufundi wake hupimwa kwa jinsi inavyosahaulika baada ya kuwashwa. Eneokazi la mbali ni fani ya kuonyesha: halina kazi nyingine isipokuwa kuleta mbele ya macho kile ambacho macho hayakifikii. La kina zaidi ni kwamba VPN huhamisha mahali, ilhali eneokazi la mbali huacha kila kitu mahali pake. VPN huipa kompyuta ya Tanga anwani ya ndani ya ofisi, na tangu hapo printa, seva na mashine nyingine za ofisi huihesabu kuwa mwenzao wa chumba kimoja. Eneokazi la mbali haliihesabu hivyo hata kidogo. Kinachosafiri ni sura ya kioo kuja huku, na mibonyezo ya vitufe na mienendo ya kipanya kwenda kule. Mswada hautoki ofisini. Nikifuta sentensi, imefutwa Dar. Mtu akiuliza faili lilipo, jibu halina utata, na mimi nauthamini mno uwazi huo katika kazi ambayo mali yake yote ni maandishi ya watu wengine.

Mtaani neno VPN lina maana nyingine. Uganda ilipoanzisha kodi ya mitandao ya kijamii Julai 2018, wengi waliijua VPN kwa mara ya kwanza kama njia ya kuikwepa kodi hiyo. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilitoa tangazo Oktoba 2023 ikiwataka watu na kampuni wanaotumia VPN waandikishe matumizi hayo kufikia tarehe 30 ya mwezi huo. Katika matumizi ya mtaani VPN ni mlango wa kutokea. Katika matumizi ya ofisini ni mlango wa kuingilia. Muundo ni uleule, na kinachogeuka ni upande ambao mtumiaji amesimama. Mhakiki anayeisoma fani hii akiwa na maana moja tu kichwani atakosa kuona kwamba tangazo lile, kwa maneno yake, liligusa pia dawati la mhasibu anayefunga mahesabu ya mwezi akiwa nyumbani.

Tuingie katika muundo. Mbinu kuu ya VPN ni ile ninayopendekeza tuiite ufumbataji: pakiti nzima ya data, pamoja na anwani ya ilikotoka na anwani ya iendako, husimbwa kwa siri na kufumbatwa ndani ya pakiti nyingine yenye anwani zake yenyewe. Anayeitazama njiani husoma hadithi ya nje tu: kifaa fulani cha Tanga kinazungumza na kifaa fulani cha Dar. Hadithi ya ndani, kwamba mhariri anatafuta ukurasa wa 84 wa mswada, imefungwa kiganjani. Aliyesoma Alfu Lela Ulela anaujua muundo huu wa hadithi kubeba hadithi, lakini tofauti ni ya kuzingatiwa. Kule hadithi ya nje ina joto lake, kwa sababu msimulizi husimulia ili asiuawe; hapa hadithi ya nje imefanywa kuwa kavu kwa makusudi, na ukavu huo ndio ulinzi. Tena fani inatoza gharama inayopimika. Pakiti ya kawaida katika mtandao wa ofisi haizidi baiti 1500. WireGuard, VPN ninayoitumia, huipa pakiti ya ndani baiti 1420, na 80 zilizobaki huwa akiba ya ganda. Ganda halikuongezwa juu ya urefu. Limekatwa kutoka ndani ya urefu, kama ambavyo mshairi anayepaswa kulitaja jina la Mola mwanzoni mwa mshororo hapewi mizani ya ziada kwa ajili hiyo. Kila kinachosemwa ndani kimekubali kuwa kifupi kidogo ili kiweze kuwa siri.

Kati ya VPN ambazo nimepata kuzitumia, WireGuard ndiyo inayostahili kusomwa mstari kwa mstari. Ilibuniwa na Jason Donenfeld, ikaingizwa katika kiini cha Linux toleo la 5.6 Machi 2020, na msimbo wake wa msingi ulikuwa wa takribani mistari 4,000, ufupi ambao katika kazi za aina hii ni msimamo wa kisanaa kamili. Faili lake la usanidi lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kifaa kinachosema, ya pili ni ya mwenzake. Ni nafsi ya kwanza na nafsi ya pili, na kila upande wa mawasiliano una faili la namna hiyohiyo, ambamo mimi wa hapa ni wewe wa pale. Lugha ya seva na mteja, yenye bwana na mwombaji ndani yake, haimo. Nafsi ya tatu nayo haimo, na hilo ndilo jambo ambalo faili zima lipo kwa ajili yake.

Mstari mmoja wa faili hilo umenirudisha kwake mara nyingi. Unaanza na neno AllowedIPs, na baada ya alama ya sawasawa hufuata orodha ya anwani. Kwa pakiti inayotoka, mstari huu ni ramani: anwani hizi zipelekwe kwa mwenzangu huyu. Kwa pakiti inayoingia, mstari huohuo ni sheria: mwenzangu huyu haruhusiwi kusema kwa jina lolote lisilokuwa miongoni mwa haya. Maneno hayabadiliki hata nukta. Kinachobadili maana ni upande ambao msomaji ameyaendea. Fasihi yetu ya mafumbo ina kauli nyingi zenye maana mbili, ila maana zake huwa zimelaliana, ya juu na ya chini. Hapa maana zimesimama uso kwa uso, zikitenganishwa na mwelekeo peke yake, na sijakutana na fumbo la aina hiyo katika matini nyingine yoyote fupi kiasi hiki. Mstari huohuo huamua pia kiasi cha kuhama kwangu. Ukiandikwa 0.0.0.0/0, kila ninachokifanya mtandaoni hupita Dar kwanza, hata redio ninayoisikiliza jikoni. Ukiandikwa anwani za ofisi tu, nusu yangu hubaki Tanga. Mimi naupendelea muundo wa pili, kwa sababu unaweka wazi ni kipi cha kazi na kipi cha nyumbani, na fani inayojua mpaka wake huwa na nguvu zaidi ndani ya mpaka huo.

Halafu kuna hodi. WireGuard hufungua mazungumzo kwa ujumbe wa baiti 148 na kujibiwa kwa ujumbe wa baiti 92, na baada ya hapo mlango umefunguka: hodi moja, karibu moja. Lakini anayebisha bila ufunguo anaotambuliwa hapati jibu lolote. Haambiwi hapana, haambiwi subiri, haambiwi hata kwamba kuna nyumba. Kwa adabu ya pwani, mgeni hubisha mara tatu, na akikosa kuitikiwa huondoka akijua kwamba nyumba ipo na wenyewe hawapo. Fani hii imekwenda mbali zaidi: imeigeuza kimya kuwa ukuta, na mgeni huondoka akiwa hajui kama amepita mbele ya nyumba au mbele ya kiwanja kitupu. Upande wa pili wa kimya hicho ni sauti ndogo inayorudiwa ndani, kati ya wanaojuana. Katika faili langu mna mstari unaoagiza kwamba kila baada ya sekunde 25 kifaa changu kitume pakiti isiyo na kitu ndani yake, ili vifaa vya njiani visidhani kwamba mazungumzo yamekwisha na kuifunga njia. Wasikilizaji wa hadithi huitika naam kila baada ya sentensi kadhaa. Naam hiyo haiongezi habari, lakini msimulizi asiyeisikia hunyamaza.

Ukitoka katika handaki hili la VPN na kuingia katika eneokazi la mbali, unahisi umehama kutoka kwa mtu wa maneno machache kwenda kwa mzee wa salamu ndefu. Itifaki yake, RDP, ilianza mwaka 1998 na Windows NT 4.0 toleo la Terminal Server, ikajengwa juu ya viwango vya familia ya T.120 vya ITU, vilivyotungwa kwa ajili ya mikutano ya mbali, na mwaka 2001 Windows XP ikaileta katika kompyuta ya kawaida ya ofisini. Urithi huo unasikika katika ufunguzi wake. Kabla ya picha ya kwanza kuonekana, pande mbili huombana muunganisho, hukubaliana njia za sauti, printa na ubao klipu, huoneshana vitambulisho, huulizana habari za leseni, kisha kila mmoja humsomea mwenzake orodha ya anayoyaweza: mimi naweza rangi hizi, mimi naweza kukumbuka vipande vya ukubwa huu. Anayetaka kasi ataichoka salamu hii. Mimi naiona kuwa ya lazima, kwa sababu baada yake pande mbili hufanya kazi kama watu wanaojua udhaifu wa kila mmoja.

Ulegevu wa itifaki hii ni kwamba ilipenda kumwitikia kila mtu. Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha kasoro iliyopewa jina BlueKeep, iliyomwezesha mshambuliaji kuingia kabla hata ya kuulizwa nywila, na uzito wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kiraka kilitolewa hadi kwa Windows XP, ambayo huduma yake ilikuwa imekoma tangu 2014. Tangu hapo mpangilio wa fani hizi mbili haujabaki suala la ladha. Mnyamavu akae nje, mwenye maneno mengi akae ndani.

Faili linalohifadhi maagizo ya eneokazi la mbali ni maandishi matupu, unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuandikia, na ningependa kila msomaji mwenzangu alifungue walau mara moja. Kila mstari una vipande vitatu vilivyotenganishwa kwa nukta pacha: jina la jambo, aina ya thamani, na thamani yenyewe. Mmojawapo ni redirectclipboard:i:1, unaoruhusu kilichonakiliwa upande mmoja kibandikwe upande wa pili. Kwa istilahi za arudhi zetu huu ni ukawafi: jina ni ukwapi, aina ni utao, thamani ni mwandamo. Utao hapa ni wa herufi moja tu, i kwa namba kamili na s kwa maneno, nao hukaa katikati kama bawaba, ukimwambia msomaji jinsi ya kuupokea mwandamo kabla hajaufikia. Mistari yenyewe haina mfuatano wa lazima. Ukiipangua, maana haivunjiki. Ni utungo usio na mwanzo wala mwisho, unaosema maelekezo ya jukwaa peke yake: upana wa kioo, kina cha rangi, picha ya ukutani iwepo au isiwepo. Bando langu likiwa dogo, naiondoa picha ya ukutani na madoido ya menyu, na meza ya Dar inabaki na rangi moja iliyokolea ambayo juu yake maandishi husimama bila mshindani. Mtindo huo mkavu ulizaliwa na uhaba, nami nimeudumisha hata siku za bando kubwa.

Sasa picha zenyewe. VNC, mfumo mwingine wa eneokazi la mbali, uliotoka katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge na kutolewa kwa umma mwishoni mwa miaka ya 1990, husafirisha kioo kama picha: vinukta hivi vimebadilika, hivi hapa vipya. RDP, katika umbo lake la asili, husafirisha maagizo ya kuchora: piga mstari kutoka hapa hadi pale, weka herufi hii mahali hapa. Moja hupeleka mchoro, nyingine humwelekeza mchoraji. Na RDP ina mbinu ambayo mtunzi yeyote wa nyimbo ataitambua. Kipande cha picha kikishatumwa mara moja, upande wa pili hukihifadhi, na kinapohitajika tena haitumwi picha, hutumwa namba yake. Katika kitabu cha nyimbo kiitikio huandikwa kikamilifu chini ya ubeti wa kwanza. Baada ya hapo neno kiitikio hutosha, na kinywa cha msomaji hukijaza. Ukilifungua dirisha lilelile mara ya pili kwa siku na kuona kwamba limekuja haraka kuliko mara ya kwanza, umesikia kiitikio.

Turudi kwenye mshale. Sababu ya wepesi wake ni uamuzi wa kifani: kompyuta ya Dar hutuma umbo la mshale, lakini mahali pake huchorwa na kompyuta ya hapa, kwa kufuata mkono wangu bila kuuliza mtu. Herufi haikupewa uhuru huo. Nikibonyeza kitufe cha K, kinachosafiri si herufi K. Ni namba ya kitufe na habari kwamba kimebonyezwa, kisha habari nyingine kwamba kimeachiwa. Herufi huzaliwa Dar, ndani ya programu ya Dar, na picha yake ndiyo inayorudi Tanga. Kwa hiyo ninapochapa siandiki kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Naomba iandikwe, kisha nasoma kwamba imeandikwa. Kati ya ombi na taarifa kuna mwanya, na mwanya huo, ambao nitauita ukawio, ndio unaomweka mwandishi katika nafasi ya msomaji wa kwanza wa maandishi yake mwenyewe, sekunde ileile anapoyaandika.

Ukiendelea kutazama, utaona kwamba hata mshale si mali ya -na- kikamilifu. Usogeze kutoka pembezoni mwa dirisha hadi juu ya maandishi: hapo hupaswa kugeuka kijiti chembamba cha kuchagulia herufi. Siku ya mtandao mzito, utafika juu ya maandishi ukiwa bado mshale, utasimama, na baada ya kitambo ndipo utageuka. Mahali pake panajulikana hapa. Umbo lake linaamuliwa kule. Kitu kimoja, kisichozidi upana wa ukucha, kimebeba njeo mbili, mwendo wake ukiwa katika -na- na sura yake ikiwa katika -me-. Sijui mahali pengine katika kazi zangu za kila siku ambapo umbali kati ya miji miwili unaonekana kwa macho namna hii.

Ukawio wenyewe una historia katika pwani yetu. Nuru katika nyuzi za mawasiliano hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata waya ungefuata barabara ya Tanga hadi Dar, kwenda na kurudi kusingezidi milisekunde 4. Zinazobaki ni foleni za minara na vituo vya njiani. Lakini kabla ya waya wa baharini wa SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009, aliyetaka kuiendesha kutoka hapa kompyuta iliyo Ulaya kwa kawaida alipitia satelaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kila mbonyezo ulimgharimu nusu sekunde na zaidi. Katika nusu sekunde herufi haisomeki tena kama mwangwi wa kidole. Husomeka kama tukio la peke yake. Fani hii inahitaji ukawio mdogo wa kutosha kusahaulika na mkubwa wa kutosha kuhisiwa, na nyaya za baharini ndizo zilizotufikisha katika kipimo hicho. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya ukanda huu ilidorora, na waliokuwa na ofisi zao ng'ambo walirudishwa kwa siku kadhaa katika -me- ya zamani.

Juu ya skrini nzima, katikati, kuna utepe mwembamba wenye jina la kompyuta ya mbali. Upande wa kushoto una alama ya pini: ukiichomoa, utepe hupanda na kutoweka mpaka mshale uguse ukingo wa juu, ukiichomeka, hubaki. Wenzangu wengi huuchomoa, wakisema unaziba menyu. Mimi nauacha, na kwa sababu za kihakiki. Utepe huu ni mahali pekee ambapo matini hukiri kwamba ni matini. Bila utepe, meza ya Dar inakijaza kioo cha Tanga hadi pembeni, na mkono husahau ni mashine ipi inayoagizwa kuzimwa. Fundi mzuri wa kanzu anaweza kuuficha mshono. Anayeupamba kwa darizi na kuuacha uonekane anauambia ukweli wa vazi, na uzuri wa kanzu haupungui kwa hilo.

Namna ya kumaliza nayo ina maana mbili zisizochanganyika. Nikigusa alama ya kufunga iliyo kwenye utepe, nakata muunganisho, lakini kikao hakifi: madirisha hubaki wazi kule, mswada hubaki ukurasa uleule, katika giza la ofisi iliyofungwa. Nikichagua kutoka katika akaunti, kila kitu hukunjwa. Kukata ni itaendelea; kutoka ni tamati. Mtandao ukijikata wenyewe, fani hukataa kuichukulia ajali kuwa tamati: picha hugandishwa, hufifia, na programu hujaribu kurudi, kwa desturi hadi mara 20, ikihesabu mbele ya macho yako.

Kuna sehemu ya matini hii ambayo haisomeki kutoka Tanga. Ninapofanya kazi, kioo kilicho juu ya meza ya Dar kimefungwa. Kinaonyesha saa na picha ya mandhari, na anayepita hudhani mashine imelala. Aya nzima huandikwa nyuma ya picha hiyo bila alama yoyote ya nje. Na umeme wa LUKU ukiisha, au mtu mwenye nia njema akilizima boksi lililo chini ya meza, ambalo ofisini wote huliita sipiyu, hakuna handaki wala itifaki itakayolifikia. Ni lazima kidole cha mtu aliyepo kibonyeze kitufe. Kwa sababu hiyo mwenzangu wa dawati la jirani alibandika karatasi juu ya sipiyu, akaandika kwa makapeni: USIZIME. INATUMIKA.

Nimeisoma karatasi hiyo kila nilipofika ofisini, na ninaiona kuwa sehemu ya fani hii sawasawa na mstari wowote wa usanidi. Neno la kwanza linamshika msomaji kwa nafsi ya pili, yeyote atakayekuwa, na kumkataza kabla hajanyoosha mkono. Neno la pili liko katika kauli ya kutendeka: halimtaji mtumiaji, halisemi yuko wapi, wala halihitaji. Na kiambishi chake ni -na-, kilekile ambacho skrini ya Tanga, pamoja na mshale wake, haikuweza kukishika kikamilifu. Karatasi imeshikiliwa kwa selotepu pembe mbili, na wino wake umeanza kupauka upande wa dirishani. Mwenzangu ataiandika upya Jumatatu.